Draiva Moja kwa Prosesa ya Jana na ya Kesho

Hii ni hotuba niliyoitoa mbele ya waandishi wa programu na wanafunzi wa uhandisi wa kompyuta. Wengi waliokosa kufika waliiomba, kwa hiyo naiweka hapa nzima. Picha zilizokuwa ukutani nimeziacha, na yaliyokuwamo nimeyaeleza kwa maneno.

Ndugu mwenyekiti, walimu wetu, wahandisi wenzangu, na ninyi wanafunzi mliosimama kule nyuma kwa kuwa viti vimekwisha: habari za asubuhi.

Nimeombwa nizungumzie draiva, ile sehemu ya mfumo endeshi inayojua kukiamrisha kifaa, kiwe printa, kamera, kadi ya sauti au mashine ya maabara. Mengi husemwa juu ya upande wake unaoelekea kifaa. Leo nataka tuutazame upande wa pili, ule unaoelekea programu, kwa sababu huko ndiko watu wanakoumia prosesa zinapobadilika.

Nina jambo moja tu la kusema, na nitalirudia mpaka mlichoke nalo: umbo la data linalopita kati ya programu na draiva lisitegemee upana wa prosesa, yaani kama ni ya biti 32 au ya biti 64. Lisitegemee kabisa!

Rafiki yangu mmoja huhudumia vifaa vya maabara. Alikuwa na mashine ya kupima sampuli iliyounganishwa na kompyuta ya Linux. Programu yake ilikuwa ya biti 32, na msimbo wake wa chanzo hakuna aliyekuwa nao tena. Kompyuta ikafa, ikanunuliwa nyingine ya biti 64. Programu ikafunguka vizuri, dirisha likaonekana, vitufe vikabonyezeka. Draiva nayo ilikuwa imekompailiwa upya, yaani msimbo wake umegeuzwa tena kuwa lugha ya mashine, kwa biti 64, ikapakiwa, ikakitambua kifaa. Lakini alipobonyeza kitufe cha kuanza kupima, akarudishiwa kosa la ENOTTY. Yaani draiva ilikuwa inasema: ombi hili silijui.

Nawauliza, kosa lilikuwa wapi? Prosesa ni nzima. Kifaa ni kizima. Draiva inafanya kazi. Programu haijaguswa hata baiti moja. Kosa lilikuwa katikati yao, mahali ambapo hakuna anayepaangalia mpaka siku panapovunjika.

Tuingie hapo katikati. Programu inapotaka kitu zaidi ya kusoma na kuandika, kwa mfano kuweka kasi, kuleta hali ya kifaa au kuanza kupima, kwenye Linux na jamii yote ya Unix hutumia wito unaoitwa ioctl. Hutuma namba ya ombi, pamoja na anwani ya muundo wa data ulioko kwenye kumbukumbu. Uchukulieni muundo huo kuwa ni fomu yenye visanduku. Programu inajaza, draiva inasoma. Ila majina ya visanduku hayasafiri pamoja na fomu. Zinazosafiri ni baiti tupu, na draiva hukijua kisanduku cha tatu kwa kuhesabu baiti kutoka mwanzo. Je, kama mjazaji na msomaji wanatumia rula mbili tofauti?

Rula ni tofauti kweli. Katika lugha ya C kwenye Linux, aina iitwayo long ni baiti 4 kwenye mfumo wa biti 32, na ni baiti 8 kwenye mfumo wa biti 64. Kielekezi, yaani namba inayotaja anwani ya kitu kwenye kumbukumbu, hali kadhalika: 4 huku, 8 kule. Windows ilichagua njia yake, ikaiacha long kwenye baiti 4 hata katika biti 64, vikapanuka vielekezi na ndugu zake. Kwa hiyo mtu akiandika long kwenye muundo unaopita kwenda kwa draiva, ameandika neno ambalo maana yake hubadilika kulingana na anayelisoma.

Mtaniambia: basi tutumie aina zenye upana uliotajwa, __u32 ya biti 32 na __u64 ya biti 64, shauri liishe. Je, limekwisha?

Halijaisha. Chukueni muundo wenye sehemu mbili tu, __u32 kwanza, kisha __u64. Baiti 4 na baiti 8, jumla 12. Kwenye Intel ya biti 32 ni 12 kweli. Kwenye Intel ya biti 64, kompaila hutaka ile __u64 ianze kwenye anwani inayogawanyika kwa 8, hivyo huacha shimo la baiti 4 katikati, na muundo unakuwa baiti 16. Msimbo ni ule ule, aina ni zile zile, umbo si lile lile. Na sasa sikilizeni jambo linalowanasa hata wahandisi wazuri: kwenye prosesa za ARM, zile za simu nyingi, za biti 32 za siku hizi muundo huo huo ni baiti 16, na kwenye ARM ya biti 64 ni 16 vilevile. Mtu akijaribu draiva yake kwenye bodi ya ARM, programu ya biti 32 juu ya kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi, ya biti 64, kila kitu kitapita. Atafurahi, ataituma kazi yake, na itavunjika kwa wenye Intel na AMD.

Sasa tunaweza kuielewa ile ENOTTY ya maabara. Namba ya ombi la ioctl kwenye Linux ina biti 32, na kwenye prosesa nyingi biti 14 kati yake hubeba ukubwa wa muundo. Programu ya biti 32 ilituma namba yenye ukubwa wake, draiva ya biti 64 ilikuwa inasubiri namba yenye ukubwa mwingine. Zikakosana, ombi likakataliwa. Na hapo, ndugu zangu, kukataliwa ni bahati. Yako maombi ya zamani ambayo namba zake hazikubeba ukubwa wowote. Hayo hupita bila kukataliwa, draiva ikasoma kisanduku cha pili ikidhani ni cha tatu, na thamani mbaya ikaandikwa kwenye kifaa kizuri.

Msidhani ni ioctl peke yake. Kila mnapobonyeza kibodi kwenye Linux, kerneli hutoa rekodi ya tukio: saa, aina, alama, thamani. Kwa kuwa saa yake ilitengenezwa kwa long mbili, rekodi hiyo ni baiti 16 kwa programu ya biti 32 na baiti 24 kwa programu ya biti 64. Programu haikuita ioctl yoyote, imesoma faili tu. Ndiyo maana mfumo wa kibodi na kipanya ndani ya kerneli una sehemu maalumu ambayo kazi yake ni kumtambua anayesoma na kumkatia rekodi kwa kipimo chake. Yote hayo kwa sababu ya neno moja lililoonekana halina madhara lilipoandikwa.

Kuna atakayesema programu za biti 32 ni mambo ya kale. Ni za kale kweli? AMD ilitoa prosesa yake ya Opteron mwaka 2003, na biti 64 zikaingia kwenye familia ya prosesa za Intel kwa njia iliyokubali programu za zamani ziendelee. Kerneli zilihama kwanza, programu zikafuata taratibu. Kompyuta ndogo ya Raspberry Pi 3 ilitoka mwaka 2016 ikiwa na prosesa ya biti 64, lakini mfumo endeshi rasmi wa biti 64 ulitolewa mwaka 2022. Programu ya zamani juu ya kerneli mpya ni hali ya kawaida ya maisha, na kwetu sisi ambao kompyuta nyingi hutufikia zikiwa zimekwisha kutumika, na vifaa hudumu kuliko waliovitengeneza, ni hali ya kila siku.

Wenzetu waliitatuaje? Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu historia yake inafundisha.

Waliokutana nalo mapema ni watu wa Linux kwenye mashine za kampuni ya Sun zenye prosesa za SPARC, miaka ya 1990. Kerneli ya biti 64, programu karibu zote za biti 32. Wakatengeneza jedwali la tafsiri. Kwa kila ombi liliandikwa fungu la msimbo: uchukue muundo mwembamba, uutanue, umpe draiva, kisha uyabane majibu na kuyarudisha. Prosesa nyingine za biti 64 zikafanya hivyo hivyo. Lakini jedwali ni la kerneli nzima, na miundo ni ya draiva. Kwa hiyo palikuwa na faili moja lililolazimika kujua siri za draiva za sauti, za diski, za mtandao na za video, na kila draiva ilipobadilika, mtu alipaswa kukumbuka kulibadilisha na faili hilo. Je, mnadhani watu walikumbuka?

Mwaka 2005, katika Linux 2.6.11, draiva zilipewa nafasi yao wenyewe ya kupokea maombi ya biti 32, inayoitwa compat_ioctl. Kila draiva ibebe tafsiri yake. Ni uamuzi sahihi, nausifu mpaka leo. Lakini kuwahamisha waliokuwa wamekwisha kuzoea jedwali kulichukua muda gani? Faili lile la tafsiri liliondolewa kabisa katika Linux 5.6, Machi 2020, kwa kazi ndefu iliyoongozwa na Arnd Bergmann, mmoja wa waandishi wa kerneli. Miaka 15! Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na huu ulikuwa ukuta wa miaka 15 kwa nyufa za baiti nne nne.

Na tafsiri ina hatari zake. Kulikuwa na kazi, yaani fungu la msimbo linaloitwa kwa jina lake, ndani ya kerneli iitwayo compat_alloc_user_space. Ilikuwa inatenga nafasi kwenye kumbukumbu ya programu yenyewe ili muundo uliotanuliwa uwekwe hapo kwa muda, kisha draiva iusome kana kwamba programu ndiyo iliyouandika. Septemba 2010 ikabainika kwamba haikuwa ikihakiki ipasavyo kama nafasi hiyo ni ya programu kweli. Mtumiaji wa kawaida kwenye mashine ya biti 64 aliweza kujipandisha kuwa msimamizi mkuu. Seva duniani kote zilibidi zirekebishwe kwa haraka, na nyingi kati yake hazikuwa na haja yoyote na programu za biti 32. Fikirini hilo. Mlango uliowekwa kwa ajili ya programu za zamani ukawaingiza wezi kwa watu wasio na programu za zamani. Kazi hiyo iliondolewa moja kwa moja mwaka 2021.

Ndiyo maana nasema: tafsiri nzuri kuliko zote ni ile isiyohitajika. Umbo lisitegemee prosesa.

Mfano wa waliofanya vizuri mnao mifukoni. Kwenye kila simu ya Android kuna draiva iitwayo Binder. Haiongozi kifaa chochote cha kushikika. Kazi yake ni kupitisha ujumbe kati ya programu na programu, na karibu kila mnachokifanya kwenye simu hupita kwake. Mwaka 2014, Android 5.0 ilipoleta biti 64, likazuka swali zito: kwenye simu moja kutakuwa na programu za biti 32 na za biti 64, na lazima ziongee. Ujumbe wa Binder una anwani na ukubwa ndani yake. Kama anwani ni baiti 4 kwa huyu na baiti 8 kwa yule, draiva ingepaswa kuufungua kila ujumbe njiani na kuupanga upya, maelfu kwa maelfu, simu ikiwa inatumia betri.

Walifanya nini? Walitoa itifaki mpya, toleo la 8, ambamo kila anwani na kila ukubwa ni biti 64 hata kama mtumaji ni programu ya biti 32. Umbo la zamani likabaki kama toleo la 7, kwa simu ambazo kila kitu chake ni biti 32. Na draiva ina ombi la kuuliza toleo, ili programu ijue inaongea na nani. Gharama yake? Programu ya biti 32 hupoteza baiti chache za sifuri kwa kila anwani. Faida yake? Kazi ile ile ndani ya draiva hupokea maombi ya pande zote mbili, bila jedwali na bila kutanua wala kubana. Naomba wanafunzi mlitazame faili lile la .h la Binder, lenye maelezo ya miundo yake, kwa macho yenu. Ni fupi, na uamuzi wote uko mle ndani.

Kuna atakayesema: kuweka kielekezi ndani ya __u64 ni rahisi, unajaza sifuri juu. Karibu kila mahali ni hivyo. Lakini kwenye kompyuta kubwa za IBM za ukoo wa System/370, baada ya zile anwani za biti 24 za awali, zilikuja anwani za biti 31, na biti ya juu kabisa ikatumiwa kwa shughuli nyingine. Kwa hiyo Linux ina kazi ndogo, compat_ptr, ambayo kwenye mashine hizo huifuta biti ile kabla anwani haijatumika. Mwandishi wa draiva akiitumia kila mahali, hahitaji kujua lolote kuhusu IBM. Asipoitumia, draiva yake itafanya kazi kwenye meza yake na kuharibika kwenye benki ya mtu mwingine.

Sasa tutoke kwenye upana, tuende kwenye kuhama familia nzima. Apple imehama mara tatu: kwenda PowerPC mwaka 1994, kwenda Intel mwaka 2006, kwenda prosesa zake yenyewe mwaka 2020. Windows nayo iko kwenye ARM. Katika uhamaji huu wa karibuni kuna mtafsiri wa programu, na anafanya kazi nzuri: programu ya Intel inaendeshwa juu ya ARM, na mtumiaji huenda asitambue. Lakini mtafsiri huyo huishia kwenye mpaka wa kerneli. Rosetta, mtafsiri wa Apple, haitafsiri viendelezi vya kerneli, yaani draiva zinazoishi ndani ya kerneli, na Windows ya ARM hudai draiva zilizokompailiwa kwa ARM yenyewe.

Waliotumia Windows XP x64 ya mwaka 2005 wanalijua hili kwa uchungu. Programu za biti 32 ziliendelea. Draiva za biti 32 zilikataliwa zote. Skana na printa nzima, zisizo na kasoro, zikakosa wa kuzisemea, kwa sababu aliyezitengeneza hakuona faida ya kukompaili upya kwa ajili ya kifaa alichokwisha kukiuza. Hapo hakuna ufundi wa miundo utakaokuokoa, isipokuwa msimbo wa chanzo wenyewe uwe wazi mahali ambapo mtu mwingine anaweza kuukompaili. Wanaonunua vifaa kwa ajili ya shule na hospitali zetu, naomba mliulize swali hilo kabla ya kulipa.

Mpangilio wa baiti nitaupitia kwa haraka. PowerPC ya Apple iliweka baiti kubwa mbele, Intel huweka ndogo mbele. PCI na USB, njia za kuunganishia vifaa, zimekwisha kuamua, ni ndogo mbele, kwa hiyo draiva inayoongea na kifaa itumie kazi za kubadilisha zilizopo kwenye kerneli, nazo hazigharimu kitu pale ambapo hakuna cha kubadilisha.

Lakini kuhusu saa, sitakimbia. Tarehe 19 Januari 2038, saa 12 na dakika 14 asubuhi kwa saa zetu za Afrika Mashariki, sekunde zinazohesabiwa tangu mwaka 1970 zitazidi uwezo wa namba ya biti 32 yenye alama ya kujumlisha au kutoa. Sekunde inayofuata, saa ya mfumo wa aina hiyo itarudi mwaka 1901. Linux 5.6 ya Machi 2020 ndiyo ya kwanza kutoa msingi wa mfumo wa biti 32 unaoweza kuvuka siku hiyo. RISC-V ya biti 32, familia mpya ya prosesa, kwa kuwa ilikuja ikiwa haina mzigo wa zamani, ilianza na saa ya biti 64. Na ile rekodi ya kibodi niliyoitaja? Kwa programu za biti 32 zenye saa mpya, sekunde zake zimefanywa namba isiyo na alama ya kutoa, hivyo itafika mwaka 2106 bila kubadilisha umbo. Huo ni ufundi wa kuheshimiwa: wamepata miaka 68 bila kuongeza baiti hata moja, na bila kuivunja programu hata moja.

Je, mashine za biti 32 zitakuwepo mwaka 2038? Mita, pampu, vifaa vya hospitali na mitambo ya viwandani huishi miaka 20 na zaidi. Kinachofungwa ukutani leo kitakuwepo asubuhi ile.

Basi mwandishi wa draiva afanye nini? Asiandike long wala kielekezi kwenye muundo unaovuka kwenda kwa programu, aandike __u32 na __u64 na avifunge vielekezi ndani ya __u64. Apange sehemu kubwa zianze, na penye shimo alijaze mwenyewe kwa sehemu yenye jina. Shimo likiachwa kwa kompaila, baiti zilizomo huweza kubeba mabaki ya kumbukumbu ya kerneli kwenda kwa mtu asiyestahili kuyaona, na hitilafu za namna hiyo zimepatikana kwenye draiva nyingi. Sehemu za akiba azihakiki kuwa ni sifuri na akatae zisipokuwa sifuri. Akizipuuza leo, kesho hataweza kuzitumia, kwa sababu programu zitakuwa zimezoea kuziachia takataka.

Na apime. Kuna chombo kiitwacho pahole kinachoonyesha kila sehemu inaanzia wapi na kila shimo liko wapi. Kompaila nayo inaweza kuamriwa ikatae kazi nzima ikiwa ukubwa wa muundo si ule ulioandikwa. Mstari mmoja tu wa msimbo, na rafiki yangu wa maabara angekuwa anapima sampuli zake.

Mchana, kwenye kikao cha vitendo, tutaichukua draiva ndogo yenye miundo mitatu na kuikompaili kwa biti 32 na kwa biti 64, kisha tulinganishe. Mwenye kompyuta ya Intel au AMD akae na mwenye Raspberry Pi, maana tutahitaji namba za pande zote mbili, na muundo mmojawapo nimeuchagua kwa kuwa hupita kwenye ARM na kukwama kwenye Intel. Ndugu mwenyekiti, nashukuru kwa nafasi. Niko tayari kwa maswali, na naomba tuanze na wale waliosimama.